Wifi Yangu Alinisimulia Mwisho wa Uongo

Nina umri wa miaka sitini na saba, wasomaji wenzangu. Ni mjane, ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri huku Myamba, milima ya Upare, na Mungu amenipa nguvu za kulima tangawizi yangu mwenyewe hadi leo. Sina ninachomdai Mungu. Lakini kuna jambo moja limenikaa kifuani tangu ujana wangu, na nimeona si vyema nife nalo. Basi naliandika... na mnisamehe machozi yakichanganyika na maneno.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Baba yangu, mwinjilisti, alinisomesha hadi kidato cha nne, kisha nikaolewa. Mume wangu alikuwa karani katika shamba la mkonge kule tambarare, akija nyumbani Krismasi na Pasaka. Mimi nilibaki mlimani na watu wawili: mama yake, na dada yake Nakundwa, wifi yangu, ambaye tulilingana umri na tulipendana kama watoto wa tumbo moja. Ndivyo nilivyodhani!

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, mama mkwe alipatwa na kiharusi. Upande wake wote wa kushoto ulikufa. Ilibidi alishwe, aogeshwe, ageuzwe asipate vidonda. Nakundwa akabebeshwa shamba, maji na safari za gulioni. Mimi nikapewa mgonjwa, kwa sababu mkaza mwana, walisema, ndiye mikono ya mama mkwe. Wifi alikuja kunisaidia kumgeuza asubuhi na jioni, saa nyingine zote nilikuwa peke yangu naye.

Mama alikuwa mkali, nami simlaumu, maana maumivu yana ukali wake. Nikitoka kuanika shuka, anaita. Nikienda kuchuma mboga nyuma ya nyumba, anaita. Kengele ya kanisa niliisikia tu kwa mbali, ibada nikaikosa miezi na miezi. Mlangoni petu niliiona nyika yote chini hadi macho yanapoishia, magari yakitimua vumbi kama sisimizi... na mimi siwezi kufika hata kwa jirani! Mmewahi kuishi hivyo? Kuiona dunia yote na usiwe na ruhusa ya kuikanyaga?

Ilikuwa miaka ya dhiki. Sukari kwa foleni, sabuni kwa kujuana, mafuta ya taa hayaonekani. Usiku ulikuwa wa kulala tu. Lakini mchana, mama aliposinzia, nilisoma. Nilikuwa nimejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mume wangu alikubali siku ya Krismasi, mbele ya mama na Nakundwa, tukila makande.

"Mara moja tu," alisema. "Ukifaulu, utakwenda chuo cha ualimu, na Nakundwa atamwangalia mama. Ukishindwa, nisisikie tena habari za vitabu katika nyumba hii."

Nilimshukuru kwa kupiga magoti. Nakundwa alikuwa anapakua. Hakuna aliyemwuliza lolote.

Historia na Kiswahili sikuviogopa. Kilichonitisha ni fasihi ya Kiingereza, hasa karatasi ya vitabu vya mataifa ya dunia. Vitabu vyenyewe havikupatikana! Riwaya moja ya lazima ilikuwa nakala moja tu kwa watahiniwa watano wa milima yetu. Ilikuwa ya Mwalimu Eliamani, mzaliwa wa Vudee aliyefundisha shule ya msingi jirani na kwetu, naye pia akijiandaa kwa mtihani ule ule. Alifanya jambo ambalo leo vijana hawataliamini. Alikikata kitabu kwa wembe sehemu tano, kila sehemu akaishona kwa uzi wa katani na kuivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Kila siku ya gulio tulibadilishana. Ukimaliza yako unampa mwenzako, unapokea inayofuata.

Mimi sikuweza kwenda gulioni. Wifi alikwenda kwa niaba yangu. Alificha sehemu yangu ndani ya kikapu, chini ya mihogo, isilowe mvua. Niseme kweli, nilimwombea kila jioni kwa wema ule.

Riwaya ilinishika roho. Ilimhusu mjane mmoja katika nchi ya theluji, anayevusha watu mto mkubwa kwa mashua, huku akimngoja mwanawe wa pekee aliyekwenda vitani. Kila abiria anayepanda, yule mama anamwuliza, umemwona mwanangu? Nilipoisoma, nilisahau kuta zangu. Sehemu ya nne iliishia pale askari mgeni anapoita kutoka ng'ambo ya mto, jioni, barafu ikianza kushika maji. Nikakosa subira ya gulio linalofuata!

Siku ya gulio ilipofika, Nakundwa alirudi na kikapu kitupu.

"Mwalimu amekataa nisiondoke nayo," aliniambia. "Wenzako wanaihitaji. Lakini amenisimulia yote, neno kwa neno. Haya, kaa chini. Leo mimi ndiye mwalimu, niamkie kwanza."

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, mtoto wa dawati la nyuma. Sikiliza vizuri, sirudii."

Akanisimulia tukimenya tangawizi. Yule askari ng'ambo ndiye mwana mwenyewe, akichechemea, amevaa koti la jeshi. Mama akamtambua kwa sauti. Kijiji kizima kikatoka. Wakachinja mbuzi, shangazi zake wakambariki, akaozwa msichana wa jirani. Na yule mama akaifunga mashua kwenye mti, akasema, basi, sivushi mtu tena, sasa nitakaa nivushwe mimi.

"Mbuzi?" nilimwuliza. "Kwenye theluji?"

"Kwani Wazungu hawali mbuzi? Wewe andika, wifi, acha ubishi!"

Tulicheka hadi mama akagutuka na kutukemea. Nikaandika. Nikayakariri maneno yale kama ninavyokariri zaburi. Sauti ya wifi yangu ilikuwa tamu alipofika mwisho, hata macho yake yalilengwa na machozi. Ningeshuku nini, jamani?

Siku za mtihani nilishuka Same kwa lori la mbao. Jirani mmoja, mama wa kanisani, alikubali kumkalia mgonjwa pamoja na Nakundwa. Same ilikuwa joto na upepo wa vumbi, lakini nilihisi kama ndege aliyefunguliwa tundu. Na swali la lazima la karatasi ile lilikuwa lipi? Mtahiniwa aeleze jinsi mwisho wa riwaya unavyoukamilisha ujumbe wake! Nilitabasamu. Niliandika kurasa hadi mkono ukauma. Furaha ya uvumilivu. Mwana aliyerudi. Mama aliyepumzika. Nilitoka nikimshukuru Mungu kwa sauti.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Mwalimu Eliamani alikuwa na wenzetu.

"Mwisho ule unaumiza moyo," alisema. "Mama wa watu! Kumvusha kwa mikono yake mtu aliyemwua mwanawe, tena anamfunika na blanketi asipate baridi!"

Mimi nikacheka. "Mwalimu, umechoka na joto. Kijana si alirudi? Si walimchinjia mbuzi?"

Wakaangua kicheko wote. "Mbuzi! Mbuzi wa wapi huyo, mama? Wa kule Kisiwani kwetu?" Mmoja akajishika mbavu. Lakini Mwalimu aliacha kucheka. Alinitazama usoni.

"Hukuisoma sehemu ya mwisho?"

"Wifi alisema umemkatalia asiichukue."

"Mimi? Nilimkabidhi mkononi. Na gulio lililofuata akanirudishia. Akasema umeisoma mara mbili na unanishukuru sana."

Wasomaji! Juma zima! Sehemu ile ilikuwa ndani ya nyumba yetu juma zima, labda chini ya godoro lake, labda kwenye kihenge cha mahindi, hatua chache tu kutoka nilipokuwa nikisali nipewe akili... Nililia barabarani bila haya. Mwalimu alininunulia chai, nikaiacha ikapoa.

Nilirudi mlimani. Nilimkuta Nakundwa uani, anapura maharage. Aliponiona tu, alijua.

"Ilikuwa wapi?" nilimwuliza.

"Nini?"

"Nakundwa... usiniongezee. Ilikuwa wapi?"

Aliendelea kupura. Kisha akautupa chini mti wa kupuria. "Unataka kujua ilikuwa wapi, au unataka kujua kwa nini? Wewe ungeondoka, wifi! Ungepanda gari na sanduku lako, mimi nikabaki namgeuza mama hadi nizeeke. Kuna mtu wa kijiji cha Bendera, kule chini, anataka kunioa. Aningoje mpaka lini? Nani atamchukua msichana anayenuka mkojo wa mgonjwa?"

"Ungesema! Si ungeniambia tu?"

"Ningemwambia nani? Kaka aligawa maisha yangu pamoja na makande, mimi nikiwa nimeshika upawa! Na wewe ulipiga magoti ukashukuru."

Kutoka ndani mama aliita jina langu, alitaka maji. Nikaingia. Ningefanya nini kingine?

Matokeo yalipotoka, masomo mengine nilipita, fasihi nikaanguka. Nilimwomba mume wangu ruhusa ya kurudia somo hilo moja. Alinijibu kwa ufupi kwamba tulipatana mara moja. Haikupita miezi mingi, Nakundwa aliolewa Bendera. Nilimshonea mimi mwenyewe gauni la harusi, kwa kitambaa alichopigania foleni Same siku mbili. Aliposhuka mlima, vigelegele vikisikika kona hadi kona, nilikuwa dirishani nimemshika mama bega aweze kumwona binti yake akienda. Mlango wangu ukafungwa hivyo, kwa nyimbo.

Na balaa halikuishia hapo! Biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa sabuni za rangi zote na mitumba ikafika hadi gulio letu. Lakini mashamba ya mkonge yalianza kupunguza watu. Mume wangu alikuwa miongoni mwa walioachishwa kazi. Nikadhani sasa atarudi, tutasaidiana. Hakurudi. Nilikuja kuambiwa na wapita njia kwamba ana mke mwingine huko na watoto, na ameanzisha genge. Nilibaki kumuuguza mama wa mtu aliyeniacha. Ndugu zangu walisema, rudi nyumbani, mwanamke gani wewe? Nilifunga sanduku mara moja. Mama mkwe alilitazama, akasema kwa ulimi wake mzito, "Nenda, mwanangu. Weka tu maji karibu na mkono wangu mzima."

Nikalifungua sanduku.

Nilimwuguza miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo nilimchukia Nakundwa kwa uaminifu zaidi kuliko nilivyoomba, na Mungu anisamehe. Lakini Mungu ni mvumilivu. Hakunifungulia mlango. Aliingia akakaa nami ndani. Mama alilainika. Nilimsomea Biblia kila siku, naye akawa ananiuliza maswali magumu kuliko ya mtihani. Watoto wa jirani wakaanza kuja kusikiliza, na kibarazani pale pakawa shule ya Jumapili. Naishukuru miaka hiyo, ingawa sitamdanganya mtu kwamba niliichagua.

Mama alipofariki, Nakundwa alikuja kutoka Bendera, amekonda, amezeeka kabla ya wakati. Hatukuwa tumesema maneno kumi tangu harusi yake. Wanawake walituachia chumba, mkaza mwana na binti, tumwoshe marehemu. Nakundwa alisimama na beseni. Hakujua amshike wapi. Alikuwa amesahau jinsi ya kumgeuza mama yake!

Nikasikia kinywa changu kikisema, "Mshike taratibu bega hilo, wifi. Linamuuma."

Linamuuma! Marehemu! Tukatazamana. Nakundwa aliliweka beseni chini, akanishika miguu, akalia kilio ambacho hakikuwa cha msiba peke yake. "Nisamehe," alisema. "Kila siku nilitaka kuja nikupokee japo juma moja. Niliogopa ungeniuliza tena habari za kile kitabu."

Nami nilikuwa nimengoja miaka kumi na mmoja ili nimwulize. Lakini siku ile niliona kitu ambacho hasira ilikuwa imenificha. Tulikuwa wasichana wawili katika nyumba moja, tukiogopa jambo lile lile, na hatukuambizana hata siku moja! Kama angesema nimechoka, kama ningemwuliza na wewe je, tungegawana juma kwa juma. Mimi ningesoma, yeye angeolewa, mama angekunywa maji. Badala yake mmoja alificha kitabu na mwingine alipofushwa na furaha yake ya kuondoka. Nilimwinua, tukamwosha mama pamoja.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi vijana mnaojiandaa na mitihani: someni wenyewe hadi ukurasa wa mwisho, hata msimulizi awe mpenzi wenu kiasi gani. Mtihani haujui wifi. Nanyi wakuu wa nyumba, nawasihi kwa jina la Mungu, msigawe maisha ya mtu mezani huku yeye akipakua chakula. Nyumba nyingi leo zina mgonjwa kitandani, na pembeni yake yupo msichana kimya ambaye wote wanamsifu kwa upole. Leo, kabla ya sala ya jioni, mwulizeni kama amechoka. Kisha kaeni kitako, mwacheni aseme mpaka amalize.