Mabeseni Matano

Msimu wa mvua, Chiriku hakwenda shule kabla ya kumwaga maji ya mabeseni. Yalikuwa matano: moja mlangoni, mawili kando ya kitanda, moja chini ya dirisha na moja karibu na cherehani ya mama yake. Yalikuwa yamekinga maji hapo miaka mingi, hata sakafu ikaota alama za duara, kila beseni na duara lake.

Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mwalimu. Kijiji kizima kilimwita Chiriku kwa sababu kunyamaza hakukujua.

Asubuhi hiyo jua liliwaka. Mama aliyasukuma mabeseni yote chini ya kitanda, akatundika pazia jekundu mbele ya ukuta uliovimba kwa unyevu. Akaazima viti viwili kwa jirani, na huko huko akamwacha mdogo wa Chiriku, aliyekuwa amekohoa hadi alfajiri.

"Mama, mkaguzi wa mikopo anakuja kuona nyumba yetu ilivyo," Chiriku alisema. "Mbona tunaificha?"

"Wewe hujui mambo. Watoto wa shule nzima wanavaa sare nilizoshona mimi. Akiona tunaishi kama vyura, atasema hatufai kukopeshwa. Leo mdomo wako utie kufuli. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Kukubali hakukubali.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole, viatu vyake vimejaa tope la njiani. Alipekua daftari la oda za mama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kipato chako kinatosha, dada. Sasa tuje kwenye nyumba. Mnalala wangapi humu?"

"Wawili."

"Paa linavuja?"

"Aa, wapi! Labda tone moja moja."

"Na kuta?"

"Nzima kabisa."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Basi hongera. Ila mkopo huu ni wa kukarabati nyumba mbovu. Nyumba nzuri kama hii haina sifa. Itabidi niandike hivyo."

Mama alilitazama pazia jekundu. Uongo ulikwisha kumtoka, na kuumeza tena mbele ya mgeni kulimshinda.

Chiriku alikumbuka kifua cha mdogo wake kinavyopiga mluzi kila usiku. Akapiga magoti, akavuta beseni la kwanza kutoka chini ya kitanda.

"Chiriku! Acha hiyo!"

"Siachi, mama! Utanichapa baadaye."

Akalitua beseni kwenye duara lake. Likakaa sawasawa. La pili, la tatu, la nne, la tano. Kisha akalivuta pazia kwa nguvu zake zote. Harufu ya ukungu ikajaa chumbani, na bonge la plasta likaporomoka miguuni mwa mkaguzi.

"Na tunalala watatu!" Chiriku akasema. "Wa tatu amefichwa kwa jirani ili usisikie kikohozi chake. Andika hivyo!"

Mkaguzi akainama, akasogeza beseni moja, akapitisha kidole juu ya alama ile sakafuni. "Hii haikuchorwa jana," alisema taratibu. Akamgeukia mama. "Ni kweli, dada?"

Mama aliyatazama yale mabeseni. Halafu akainua kichwa.

"Ni kweli yote. Niliyosema mimi, yafute."

Mkaguzi akatoa fomu mpya.

Miezi minne baadaye, mvua kubwa ilipiga juu ya mabati mapya. Chiriku alikurupuka, akakimbilia mabeseni kwa mazoea. Akakuta yamejaa nguo zilizolowekwa. Mdogo wake alikuwa amelala fofofo, kifua kimetulia. Hakuna tone lililoanguka.

"Kaa, mwanangu," mama alisema akicheka. "Nilidhani kuvujiwa ni aibu. Si aibu hata kidogo. Aibu ni kumdanganya mtu aliyekuja kutusaidia, nikakaribia kuwanyima nyinyi paa kwa sababu ya majivuno yangu. Siku nyingine akija mtu wa kutusaidia, tumwonyeshe panapovuja."

"Kwa hiyo sichapwi?"

"Huchapwi. Lakini ulinipigia kelele mbele ya mgeni, nami sijasahau." Mama akanyoosha kidole. "Zile nguo utazifua wewe. Mabeseni yote matano."