Darajani Hapakaribishwi Mtu

Juu ya daraja lile la mawe watu walikula wamegeuziana migongo. Muuza magazeti alitafuna mkate wake ameukabili ukuta. Mpiga picha wa wageni alimeza yai zima kwa pupa, kama ameliiba. Hakuna aliyemwambia mwenzake karibu.

Mgeni wa siku hiyo, mwanamke fundi cherehani, aliliona hilo akacheka waziwazi. Wachoyo wakubwa! Alikuwa amefunga kibanda chake, akamwacha bintiye kwa mdogo wake, akapanda basi peke yake kuja kuliona daraja la kale alilozoea kuliona kwenye kalenda. Bintiye hakumeza tonge bila kukaribisha. Hata paka alikaribishwa. Mama ndiye aliyemfunza, na alijivunia.

Adhuhuri akaketi kwenye ukingo wa jiwe, akafungua mkate wake. Kivuli kikatua gotini pake. Hakuinua hata macho.

"Karibu," akasema.

Mwenye adabu hujibu "starehe" akapita zake. Huyu alijibu, "Ahsante, nimekaribia," kwa sauti yenye maji kooni. Fundi akageuka. Hapakuwa na mtu, ila jiwe la kando yake lilikuwa limelowa, na mkate wake ulinuka tope la chini ya mto.

Mpiga picha alikuwa ameshaanza kurudi nyuma.

"Kaka, nani kakaa hapa?"

"Usinisogelee, dada," alinong'ona. "Ni jini la mto. Halimwingii mtu bila kukaribishwa. Na likishakuingia halitoki, mpaka mwingine anayekula akukaribishe wewe."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungeuliza. Wewe ulikuwa unatucheka."

Heshima si utumwa, husema watu. Fundi sasa alikuwa na bwana. Alimsogelea muuza magazeti, akasimama mbele ya mkate wake akitabasamu, tayari kabisa kumtwisha mwana wa watu mzigo ule. Yule akaufunika mkate kwa gazeti.

Njia nzima ndani ya basi aliusikia uzito ukimlalia begani, ukipumua pumzi ya tope, ukimuuliza polepole binti ana miaka mingapi, anapenda kula nini, hulala upande gani wa kitanda, na kila alipobana meno asijibu, ulimi wake mwenyewe ulijibu.

Alipofika stendi ya kwao hakwenda nyumbani. Akampigia mdogo wake simu.

"Nipo stendi. Siji. Na mtoto asinione, umenisikia?"

"Dada, unalia?"

"Usimlete! Nakuomba!"

Akakata. Lakini mdogo wake alikuwa na roho nzuri, na mwenye roho nzuri hamwachi dada yake alie stendi peke yake. Haukupita muda mrefu, fundi akamwona mtoto anakuja mbio, kamwacha nyuma aliyemleta, biskuti mkononi, mashavu yamejaa. Alifungua kinywa ampigie kelele anyamaze, asile, arudi, na maji ya tope yakapanda yakamziba koo.

Mtoto akaikata biskuti, akamnyooshea nusu.

"Mama, karibu."

"Ahsante, mwanangu," kinywa cha fundi kikasema, kwa sauti isiyokuwa yake.

Bega likawa jepesi. Harufu ikaondoka. Mwili wake, bila hata kumwomba ruhusa, ukashusha pumzi ya raha. Akajitupa mbele amkumbatie mwanawe.

Mtoto alikuwa ameshaketi kwenye benchi la stendi, amesogea pembeni kuacha nafasi. Biskuti mkononi mwake ilikuwa inachuruzika maji.

"Usikae hapo, mama," akasema. "Pana mtu."