Mashine Iliyotaka Kunivunjia Ndoa

"Maduhu! Hao ng'ombe unawapeleka wapi?"

Nilitua mtungi kwa hasira hadi maji yakamwagika. Maduhu, mchumba wangu anayefanya kazi kwenye mgodi wa almasi kule Shinyanga, alikuwa anawaswaga ng'ombe wa mahari kutoka zizini kwetu, Ushirombo, mchana kweupe, majirani wakitazama. Na ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani!

"Muulize baba," alisema bila kuniangalia.

Baba alikuwa barazani, kampakata mjukuu wake mchanga. Pembeni yake alikaa Otmar, yule niliyemkataa mwaka jana, kapiga shati pasi kama anakwenda kubatizwa.

"Mwanangu, ndoa hakuna," baba alisema. "Pale mgodini wana mashine ya eksirei. Mtu akitoka kwenda likizo anamulikwa tumbo, Wazungu waone kama kameza almasi. Otmar anasema ule mwanga unakausha uzazi. Mwanaume akishamulikwa, hazai tena."

"Nimefanya kazi pale, naijua," Otmar alidakia. "Nakuonea huruma tu, Salvina."

"Huruma yako kaa nayo! Wewe ulipoacha kazi ulipita wapi, dirishani? Hukumulikwa?"

"Mimi... mara moja tu."

"Kwa hiyo umekauka nusu?"

"Salvina! Adabu!" baba alifoka.

Adabu gani? Lakini aliyenichoma zaidi hakuwa Otmar. Nilimgeukia Maduhu.

"Na wewe ukakubali?"

"Sikutaka uje kuitwa tasa kwa ajili yangu."

"Ulimuuliza daktari wa mgodini?"

"Niliona aibu."

"Mimi je, uliniuliza?"

Akaanza kuichezea fimbo yake ya kuswagia.

"Umeniamulia maisha yangu na fimbo mkononi, kana kwamba na mimi ni mmoja wa hao ng'ombe! Nilikupenda, Maduhu. Na wewe umeshindwa hata kunifuata kisimani uniambie!"

Nililia, na kule kulia mbele ya Otmar kukazidi kunitia hasira. Ndipo macho yangu yakamwangukia yule mtoto.

"Baba, huyo uliyempakata ni wa nani?"

"Swali gani hilo? Wa kaka yako Athanas."

"Athanas anafanya kazi wapi?"

Baba alimtazama mtoto. Athanas alikuwa kwenye mgodi uleule, zamu moja na Maduhu, na hakuna likizo aliyokuja nyumbani bila kusimama mbele ya mashine ileile. Baba alikuwa anajua. Hofu ya kukosa wajukuu ilimfanya amsahau mjukuu aliyekuwa mapajani mwake.

Otmar angenyamaza, huenda angeondoka salama. Hakunyamaza.

"Mzee, mtoto anaweza kutoka popote."

Nyuma ya nyumba sauti ya kutwanga ilikatika. Wifi yangu Justa alitokeza, mchi mkononi.

"Rudia, Otmar."

"Shemeji, sikuwa na maana..."

"Rudia nisikie! Mwanangu katoka wapi?"

Baba alisimama taratibu, mtoto kifuani. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Toka kwangu," alimwambia Otmar. "Ulikuja kumharibia binti yangu, sasa unamtukana na mkwe wangu. Toka kabla sijamwachia Justa akujibu!"

Otmar alikimbia, kiatu kimoja kikabaki barazani. Majirani walicheka. Mimi sikucheka.

Maduhu alinisogelea. "Salvina, niwarudishe ng'ombe?"

"Warudishe mmoja mmoja, na hao majirani waone. Ulivyonidhalilisha hadharani, nisafishe hadharani."

Akawarudisha, jasho likimtoka. Alipofunga zizi aliuliza kwa sauti ndogo:

"Na mimi, umenisamehe?"

"Bado."

Tulifunga ndoa kama ilivyotangazwa. Padri aliponiuliza kama namkubali Maduhu, nilinyamaza. Kanisa zima likatulia. Mama mkwe akaanza kukohoa. Nilimwacha Maduhu aonje kidogo jinsi inavyokuwa mtu mwingine anapoishika kesho yako mkononi, halafu nikamnong'oneza:

"Siku nyingine utaniuliza?"

"Nitakuuliza, Salvina. Naapa."

Ndipo nikamjibu padri: "Ndiyo!" Watu wanasema nilijibu kama ninayegombana. Hawajakosea.