Kelele za Hewa

Mita mia tatu chini ya bahari ya Tanga Mpya, mzamiaji Mbwana Shekue alikuwa akichomelea bomba huku maagizo kutoka juu yakipita mbele ya macho yake kwa herufi za kijani. Kofia-andishi ilinasa kila neno na kuliandika kwenye kioo. Wakubwa wa mradi waliisifu mno. Tangu ianze kutumika, hakuna mzamiaji aliyelalamika tena kwamba hasikii.

Sifa hizo zilimchefua Tatu Mhina, mhandisi wa sauti. Kwa miaka mitatu alikuwa amewaeleza, kwa michoro na kwa kupayuka, kwamba kinachoua masikio si mitambo ya nje bali hewa yenyewe, inayoingia kwa kishindo ndani ya kofia, vidole viwili tu kutoka sikioni. Aliomba kituliza-hewa, kidude kisichozidi ngumi. Wakamletea maandishi!

Siku ya vipimo vya masikio Mbwana aliketi katika chumba kisichopitisha sauti, mkononi kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio. Alitaka cheti cha kuzamia msimu mmoja zaidi. Kila baada ya sekunde nne alibonyeza, macho yake yakiwa kwenye midomo ya Tatu.

"Kaka Mbwana, unausikia mlio?"

"Vizuri kabisa, mhandisi."

Tatu akampa mgongo. "Mashine nimeizima tangu mwanzo! Unanifanya mtoto?"

Nyuma yake kitufe kikalia tena. Alitamani kuing'oa ile mashine aitupe baharini.

Akamgeukia, akamkazia macho. "Basi sikiliza hii. Mkeo ameniletea ujumbe."

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika, ikajaa chumbani: "Baba Zaituni, kila nikikuuliza jambo unanichekea tu. Nimekukosea nini?"

Mbwana akabana pumzi. Huko chini wazamiaji wote hufanya hivyo: ukitaka kusikia, unaacha kupumua ili hewa ya kofia inyamaze kidogo. Lakini hapa hakuvaa kofia yoyote, na chumba kilikuwa kimya. Alizidi kubana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Pumua, kaka. Tafadhali pumua," Tatu alisema. Hasira ilikuwa imemwishia, imebaki huruma tupu.

Mbwana akashusha pumzi. Akaitazama spika, kisha akakivuta mezani kile cheti ambacho hakijasainiwa, akakigeuza upande mtupu na kumsogezea.

"Niandikie," alisema.