Milioni Sitini kwa Mwaka

Sogeeni, wajukuu zangu, mkeka unatutosha. We unayetafuna, meza kwanza. Hili nalisema kwa sauti ndogo, na nikisikia kicheko nanyamaza.

Palikuwa na fundi cherehani, tumepakana naye ukuta, tukimwita Pindo. Alizoea kulipwa papo kwa papo: suruali mkononi, pesa mkononi. Siku moja akaja mteja kavaa suti nzito juani, jasho hana. Akamwambia, "Njoo ushone kwangu. Milioni sitini kwa mwaka. Unalipwa mwaka ukiisha."

Pindo akamkimbilia mkewe, mjamzito. "Sitini, mke wangu! Ukigawa, tano kila mwezi!"

"Na kila siku ni kazi ya saa ngapi?"

"Wewe nawe! Kazi sijaanza, umeshaanza kunichimba."

Asubuhi alitoka kanyoa. Jioni akarudi na ndevu zilizofika kifuani. Mkewe akatania, "Umezinunua njiani?" Hakucheka. Nguo zake zilinuka kitambaa kilichokunjwa kibichi. Jioni ya kumi, mvi. Alipojilaza, mkewe akamwekea sikio kifuani, akasikia cherehani ikikimbia ndani ya mbavu: trrr, trrr.

"Baba," akanong'ona, "kule unakaa muda gani?"

"Mlango ukifungwa, nashona mpaka mvua zinakuja, zinakwisha, zinakuja tena. Ukifunguliwa, nje ni jioni ya siku ileile."

Mkewe akagawa upya. Kila siku yetu ni mwaka mzima kule. Sitini ile, ukiitawanya juu ya siku zote atakazoshona, siku moja hainunui hata vifungo vya shati.

"Acha kazi! Nakuomba!"

"Nikiacha kabla ya mwaka sipati kitu. Na mtoto yuaja."

Basi akaendelea, na kila jioni ukuta wetu ukaleta hatua nzito zaidi, kikohozi kirefu zaidi, na ile trrr trrr ambayo sasa haikusubiri alale, ilisikika akila, ilisikika akijibu salamu, hadi mkewe, tumbo mbele, akatoka pekupeku kumwita mganga, na mganga akafukiza ubani chumbani mpaka kinywa cha Pindo kikafunguka na sauti kavu, kama ya mkasi juu ya kitambaa, ikatoka, si ya Pindo, ya yule mwenye suti.

"Umemdanganya," mganga akasema.

"Sijadanganya. Mwaka ni wenu. Siku ni zangu."

"Mwachie!"

"Mlango sijamfungia. Muulize mwenyewe."

Mkewe akamshika mikono, ngozi tupu. "Hatutaki pesa yake. Kaa. Umwone mwanao tu."

Pindo akalia. "Miaka yote niliyoshona, mama... niiache bure?"

Asubuhi akachukua fimbo, akaenda. Jioni waliletewa mzee ambaye hata mamaye hakumtambua, kafa na sindano vidoleni.

Mkewe alirithi cherehani, akaiuza bila kuigusa. Mtoto, aliyezaliwa wiki ile, alirithi sura ya baba yake. Na kazi? Kazi aliirithi mdogo wake Pindo, kijana wa juzi tu. Amepita hapa jioni hii, mgongo umekunjika, nikamsihi aache. Akaniambia, "Bibi, siku alizoshona kaka zimehesabiwa kwenye mwaka wangu. Nikiacha sasa, si nitakuwa nimezitupa?"