Régine Alipotia Sahihi Peke Yake

— Miaka mitano? Régine, ni kweli?

Sauti ya Gaspard ilikwaruza kwenye simu ya posta ya Dowa. Régine alikuwa amesimama katika ofisi ya wauguzi, hospitali kubwa ya Lilongwe, kofia ya chumba cha upasuaji bado kichwani.

— Nani amekuambia?

— Docta Honoré, ule munasoma naye. Nimeomba niongee na we, ye akapokea, akaanza kunipa félicitations, hongera nyingi. Eti mchumba wangu amechukua miaka mitano, tiba na utafiti pamoja. Nikasema asante. Nimesema asante, Régine, kama mutu aliyejua!

— Nilitaka nikuambie uso kwa uso.

— Lini? Ndoa ni Agosti!

Simu ikakatika. Haikujulikana kama ni laini au ni mtu.

Walikuwa wametoka Uvira, Zaire, katika lori moja, mwaka 1994. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, karibu na Dowa, Gaspard akapata kufundisha shule ya msingi. Régine, aliyekuwa amemaliza udaktari Lubumbashi, alifunga vidonda kwenye zahanati ya kambi hadi alipopata nafasi Lilongwe kusomea ubingwa wa nusukaputi, yaani kazi ya kumlaza mgonjwa usingizi na kumlinda wakati anapasuliwa. Miaka mitatu, wakakubaliana. Ndoa ingefungwa Agosti 1996, mwaka wa kwanza ukiisha.

Lakini mwezi wa nne Profesa Nyirongo, mwalimu wake, alimwita ofisini.

— Unauliza maswali ambayo vitabu havina majibu yake, mama yule alimwambia. Ongeza miaka miwili. Utashika sindano na utafanya utafiti, vyote pamoja.

Régine alitia sahihi kabla chai haijapoa. Na kuna jambo hakumwambia mtu: aliharakisha kwa sababu aliogopa kumwuliza Gaspard.

Jumamosi Gaspard alifika kwa minibasi. Wakakaa nyuma ya hospitali, pale ndugu wa wagonjwa wanapopikia. Wanawake walikuwa wakisonga nsima, ugali wa huko, moshi ukiwapitia usoni.

— Nieleze, alisema Gaspard, kama unaelezea batoto wa darasa la tatu. Kutibu peke yake hakutoshi?

Régine aliangalia mikono yake.

— Mwezi wa pili aliletwa mama mmoja wa kupasuliwa. Nikamchoma sindano ya ganzi ya mgongo vile tulifundishwa. Presha yake ikaporomoka. Nilipigana, Gaspard. Mtoto akapona, mama akatuponyoka. Nikawauliza wakubwa, wangapi wamekufa hivi? Wakaniambia, «Hutokea.» Hutokea kwa nani? Kwa nini? Hakuna aliyekuwa amehesabu.

— Njo utafiti huo?

— Ndiyo, njo huo. Kutibu kunaniambia leo nifanye nini. Lakini hakuniambii kama kile tunafanya kila siku ni kizuri. Lazima mutu aandike, alinganishe. Na asiyeshika sindano hawezi kujua aandike nini.

Gaspard aliitikia kwa kichwa taratibu.

— Sasa nimeelewa. Ungeniambia hivi mwezi wa nne, ningekuambia tia sahihi.

Régine akainua uso.

— Kwa hiyo…

— Kwa hiyo nini? We uliogopa nitakataa, ukaninyima hata nafasi ya kukubali. Mi si mgonjwa wako, unilaze usingizi, niamke mambo yamekwisha. Agosti hakuna ndoa.

Akainuka, akaenda zake.

Régine aliandika barua tatu. Hakuna iliyojibiwa. Mchana alifanya kazi kwenye chumba cha upasuaji. Jioni aliinamia makaratasi ya utafiti, na huko nako mambo yalikwama. Wamama wa mjini na wa Likuni, nje kidogo ya mji, walikubali kuandikwa. Wa Dzaleka, katika miezi miwili, waliulizwa kumi na wanne, kila mmoja akipewa karatasi ya ridhaa. Wote walikataa.

— Munataka kutupima kama panya? mmoja alimwuliza.

— Hapana, mama. Tutaandika tu presha yako.

— Basi mbona hii karatasi inaongea kama polisi?

Profesa Nyirongo alikuwa mkali zaidi.

— Wakikukatalia, usiwalaumu. Jiulize umewauliza namna gani.

Mwishoni mwa Julai, saa nne asubuhi, gari la kambi lilimleta mjamzito aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Alikuwa Mapendo, mdogo wake Gaspard. Gaspard mwenyewe alishuka nyuma yake, shati limelowa jasho. Alipomwona Régine, alisahau hata salamu.

— Mtoto amekwama.

— Nimesikia. Tunampasua sasa hivi.

Honoré alikuwa chumba cha pili na mgonjwa mwingine. Mwenye sindano alikuwa Régine peke yake.

— Wifi, Mapendo alisema huku meno yakigongana, njo we utanichoma?

— Njo mimi. Pinda mgongo kama paka. Vile vile. Usitikisike.

Sindano iliingia vizuri. Dakika ya nne, presha ikaanza kushuka. Midomo ya Mapendo ikapauka.

— Wifi, nasikia naenda…

— Hauendi popote. Ongea na mi. Huyu mtoto mtamuita nani?

Huku anaongea, mikono yake ilikuwa kazini: amefungulia maji ya mshipa, amemwinamisha upande wa kushoto, amepiga dawa ya kupandisha presha. Namba zikasita. Zikapanda. Kisha chumba kizima kikasikia sauti changa ya kike ikilalamikia baridi ya Julai.

Régine alimkuta Gaspard kwenye benchi la koridoni.

— Mtoto wa kike. Mama yake anaomba chai.

Gaspard alifunika uso kwa viganja. Aliposhusha mikono, aliuliza polepole:

— Umemwandika kwenye utafiti wako?

— Hapana. Ndugu siwaandiki, angeniitikia kwa sababu ni mimi. Tena alikuwa na maumivu makali. Mutu haulizwi hivyo.

Gaspard akaokota karatasi ya ridhaa iliyoachwa benchini.

— Na hii nani ameandika? «Mshiriki anaridhia kwa hiari taratibu za kitafiti zilizoainishwa…»

— Mimi.

— Ni mbaya. Mi mwalimu, nimeisoma mara mbili bila kuelewa.

Akachomoa kalamu mfukoni, akageuza karatasi, akaandika upande wa nyuma. Alifuta, akaandika tena. Kisha akasoma:

— «Mama, tunakuuliza, hatukulazimishi. Ukikubali, tutaandika presha yako wakati wa operesheni. Ukikataa, utatibiwa sawa na wengine, na hakuna atakayekununia. Ukibadilisha mawazo hata kesho, tuambie.»

Machozi yakamtoka Régine pale pale, wauguzi wakipita.

— Gaspard, nisamehe. Nimekufanyia kitu ambacho singemfanyia mama yeyote anayeingia hapa.

— Niko bado na hasira.

— Najua.

— Nitakuwa nayo mpaka Jumapili. Jumatatu nitakuletea karatasi hii ikiwa safi. Nitaisomea kwanza wamama kule kambini, wasahihishe.

Wamama walisahihisha sana. Waliondoa neno operesheni, wakaweka kupasuliwa. Kufikia Septemba, tisa walikuwa wamekubali na wanne wamekataa, na hakuna aliyenuniwa.

Ndoa ilifungwa Oktoba katika kanisa la kambi, Jumamosi, kwa sababu Jumatatu bibi harusi alikuwa na wagonjwa. Honoré, aliyesimama shahidi, aliapa hapokei tena simu ya mtu. Mama yake Gaspard alicheza mpaka kitenge kikafunguka, kisha akamvuta mwanawe pembeni.

— Mwanangu, miaka yote hii mitano, nani atakupikia?

— Mama, nina mikono. Na kila Ijumaa muke wangu atapanda minibasi.

Kesho yake, baada ya ibada, maharusi walikaa mlangoni wakichambua maharagwe.

— Gaspard, alianza Régine. Profesa anasema mwakani kuna miezi sita ya kusoma hesabu za utafiti. Ni Blantyre. Bado sijamjibu.

Gaspard alitupa kijiwe nje, akasogeza ungo katikati yao.

— Blantyre ni mbali. Sijui kama nataka. Anza kuniambia yote, toka mwanzo.

Régine akaanza.