Shamba la Cilda

"Samahani dada, wewe ndiye Cilda wa kwenye santuri?"

Nilikuwa nimeinama nikipanga viazi vikuu mezani pangu, soko la Coronation, Kingston. Nikainua kichwa. Mbele yangu wasichana watatu, kapu mkononi, vicheko vimewajaa mashavuni.

"Santuri gani?"

"Jamani, hajaisikia! Muimbieni!"

Wakaimba, huku wakipiga makofi: "Nimepanda muhogo, nimepanda viazi, shamba la Cilda halioti hata majani!"

Soko zima lilicheka. Hata muuza kaa wa meza ya pili, mwanamume niliyemwazima mwavuli wiki iliyopita, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nani kaimba?" nikauliza, ingawa moyo ulishanijibu.

"Si mumeo! Jenerali Lasi! Redio imeipiga mara nne tangu asubuhi."

Niliziacha bidhaa zangu pale pale, nikaelekea nyumbani, Jones Town, kwa miguu. Kila duka la santuri nililopita lilikuwa linanitukana.

Lazima niseme Lasi alikuwa nani. Jina lake Lascelles, alikuwa mpasua barafu bandarini. Kabla yake, dijei wa Kingston alisema maneno mawili, karibuni mabibi na mabwana, kisha akaiacha santuri iimbe. Lasi ndiye aliyegeuza santuri upande wa pili, ule wa muziki mtupu, akaghani juu yake tangu sindano ilipogusa mpaka ilipoinuka. Watu walidhani kapagawa. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wanaruka ukuta wa mabati ili wamsikie.

Mimi alinitongoza kwa spika. Uwanja mzima wa dansi ulisikia: "Mwenye gauni la njano, usiondoke. Ukiondoka nazima mashine." Niliondoka. Akazima kweli! Watu wakanikimbilia getini: "Dada, rudi, tunakuomba, tumelipa kiingilio!" Nikarudi nacheka. Miezi mitano baadaye tukafunga ndoa.

Siku hiyo ya santuri nilimkuta jikoni kwangu, anakoroga sufuria ya supu ya kunde. Santuri mpya ilikuwa mezani.

"Mke wangu! Umesikia? Imeshika nafasi ya kwanza kisiwa kizima!"

"Nimeisikia sokoni, Lasi. Nimeimbiwa usoni."

"Aa, ule ni utani wa maikrofoni tu. Kina Cilda wako mia Kingston."

"Cilda mwenye kaburi la mwanawe makaburini May Pen ni mmoja."

Akageukia supu yake. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Watu wanataka kucheza, Cilda. Umewahi kuona mtu akicheza msiba?"

Tulikuwa na mtoto. Orville. Alinyonya siku tisa, ya kumi tukamzika mimi na mama yangu, kwa sababu baba yake alikuwa studio na eti nafasi ya studio haiahirishwi. Tangu siku hiyo hakulitaja jina la mtoto hata mara moja. Na sasa ananiita shamba kavu mbele ya nchi nzima?

Nilichukua ile santuri nikaitumbukiza kwenye supu.

"Cilda! Una wazimu?"

"Kula. Si ndiyo inayokulisha?"

Ilijikunja ndani ya sufuria kama jani la mgomba motoni. Nikafunga nguo zangu kwenye shuka nikaenda kwa mama.

Lasi alileta barua baada ya siku tatu, kupitia kwa shangazi yake: *Cilda, rudi. Hasira hasara. Wimbo utapita wenyewe.* Nikaandika nyuma ya karatasi ile ile: *Uondoe wewe.* Hakuuondoa. Jumamosi redio iliupiga tena.

Basi Jumatatu ya Pasaka, mchana wa jua kali, kulikuwa na mpambano wa muziki: mashine za Lasi upande huu wa uwanja, mashine za mpinzani wake, Mzee Egbert, upande ule. Nilimfuata Mzee Egbert nyuma ya spika zake.

"Mzee, nipe maikrofoni."

"Mwanangu, mwanamke haghani."

"Anaghaniwa tu?"

Alinitazama. Upande wa pili Lasi alikuwa ameanza, na watu elfu walikuwa wanaimba jina langu.

"Dijei wangu amezidiwa hata hivyo," akanong'ona. "Unataka muziki gani?"

"Huo huo wake."

Sindano ikashuka. Sauti haikutetemeka. Sauti ya mtu aliyepiga kelele sokoni miaka kumi haitetemeki.

"Mimi ndiye Cilda! Mnaniimba, hamjaniuliza! Shamba lilizaa, waungwana, lilizaa mtoto wa kiume! Siku tisa kanyonya, ya kumi tukamzika! Jeneza alibeba nani? Mimi na mama! Mwenye shamba alikuwa wapi? Muulizeni, yule pale mwenye kofia! Alikuwa studio, anapanda viazi!"

Waliokuwa wanacheza walisimama. Nilidhani nimejiaibisha. Ghafla mwanamke mmoja mnene akaanza kupiga ukuta wa mabati kwa viganja vyote viwili. Akafuata mwingine. Ukuta mzima ukanguruma.

"Rudisha! Rudisha mwanzo!" umati ukapiga kelele, ukitaka nighani upya.

Lasi alijaribu mzaha: "Jamani, mwanamke akikosa cha kupika..."

"Shuka!" wakamzomea. "Jibu swali! Ulikuwa wapi?"

Niliwahi kumwona Lasi amelewa, amefilisika, hata amepigwa. Sikuwahi kumwona akivua kofia mbele ya watu. Sasa aliivua. Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, na sauti iliyotoka haikuwa ya Jenerali yeyote.

"Aliitwa Orville," akasema. "Sikwenda kumzika. Niliogopa."

Alizima mashine zake, akakata uwanja watu wakimpisha, akaja mpaka niliposimama. Machozi yalikuwa yanamtoka hadharani.

"Nisamehe. Santuri naiondoa kesho, naapa. Rudi nyumbani, mke wangu."

"Miaka miwili nilikuomba ulitaje jina lake, Lasi. Tukiwa wawili, chumbani. Ulisubiri uzomewe?"

"Nilikuwa mjinga."

"Mjinga hatungi wimbo wa kumdhalilisha mkewe. Ulifikiri, ukachagua maneno, ukapanga vina."

"Nakupenda, Cilda."

"Najua. Ndiyo maana nimekasirika hivi."

Mzee Egbert alinigusa bega. "Dada, watu wanakungoja."

Nikampa Lasi mgongo.

Santuri aliiondoa kweli, na alikwenda May Pen peke yake akaweka jiwe lenye jina la mtoto. Nililiona. Lilikuwa zuri. Sikurudi.

Mwezi wa sita niliingia studio nikarekodi kwa jina langu mwenyewe, na Kingston ikamsikia mwanamke akighani santuri nzima, mwanzo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza. Siku hiyo ya kurekodi, nilipokuwa navaa visikilizio vya masikioni, mlango ulifunguliwa. Lasi, amekonda, kofia mkononi.

"Nimekuja kukutakia heri tu," akasema. Akasita. "Bado unanichukia?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Funga mlango ukitoka. Tunarekodi."